Programu za Wahandisi: Kuhamia Toleo Jipya au Kubaki na la Zamani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama wanachama)



Katika makisio ya mapato na matumizi ya Vyama Vikuu hukutwa siku hizi kifungu ambacho wazee walioanzisha ushirika hawakukijua, nacho ni gharama ya programu za kompyuta zinazotumiwa na wahandisi na wachoraji wa ramani. Kifungu hicho hupita upesi sana mikutanoni. Mjumbe atauliza bei ya magunia, atauliza posho ya dereva, atauliza kwa nini mizani ya kituo fulani imetengenezwa mara mbili katika msimu mmoja. Lakini yakisomwa maneno "toleo jipya la programu ya kuchorea", kimya hutanda, mikono huinuliwa, na kifungu kimekwisha pita. Wako wanaokipitisha kwa kuogopa kuonekana washamba, na wako wanaokifuta kwa sababu iyo hiyo ya kutokielewa. Namna zote mbili zina hasara, maana fedha zenyewe hutokana na ushuru unaokatwa katika kila kilo ya mkulima, naye mkulima hana habari kwamba jambo hilo liliamuliwa kwa kubahatisha.

Hapana budi kwanza kueleza kinachonunuliwa. Zamani mhandisi alichora ghala juu ya meza, kwa rula na kalamu ya wino, na mchoro ule ukitunzwa mbali na mchwa na mvua husomeka hata leo na mtu yeyote mwenye macho. Mchoro wa kompyuta haukuwekwa hivyo. Huwekwa katika faili, na faili haisomeki kwa macho bali kwa programu inayoujua muundo wake. Watengenezaji wa programu nao hutoa matoleo mapya kila baada ya muda, na aghalabu toleo jipya huweza kulifungua faili la toleo la zamani, lakini toleo la zamani haliwezi kulifungua faili la toleo jipya. Basi swali la kuhama au kutohama halihusu tu mashine iliyoko ofisini. Linahusu pia watu wote ambao michoro hiyo itapita mikononi mwao.

Kisa kinachodhihirisha jambo hili kuliko vingine kinatoka mbali, katika viwanda vya ndege vya Ulaya. Hakikuchaguliwa hapa kwa sababu ya ukubwa wake. Kimechaguliwa kwa sababu waliopatwa na mkasa huo walikuwa, kwa asili yao, umoja wa wanachama.

Airbus ilianzishwa mwaka 1970 kama ushirikiano wa viwanda vya Ufaransa na Ujerumani. Hispania ikajiunga mwaka 1971, na Uingereza mwaka 1979. Kila mwanachama alibaki na karakana zake, mafundi wake na desturi zake, na kazi ikagawanywa: mabawa yakatengenezwa Uingereza, sehemu za kiwiliwili cha ndege zikatengenezwa Ujerumani, sehemu za mkia Hispania, na vyote vikasafirishwa hadi mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, kuunganishwa. Mwaka 2001 umoja huo uligeuzwa kuwa kampuni moja. Lakini kampuni huweza kuwa moja katika karatasi za msajili huku mafundi wakiendelea kufanya kazi kila mmoja kwa mtindo wa nyumbani kwake, na makatibu waliowahi kushuhudia vyama viwili vikiunganishwa watakuwa wanalijua hilo bila ya kuambiwa.

Mwezi Desemba 2000 walikata shauri kuunda ndege kubwa kuliko zote za abiria, iitwayo A380, yenye orofa mbili kutoka mbele hadi nyuma. Katika kila ndege moja ya aina hiyo zimo nyaya za umeme zenye urefu wa kilometa 530 hivi, yaani karibu na mwendo wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, zote zimekunjwa, zimefungwa matita matita na kupitishwa ndani ya kuta za ndege. Matita hayo hayachomekwi ovyo. Kila moja hukatwa kiwandani kwa urefu uliopimwa kwenye ndege ya mfano iliyochorwa ndani ya kompyuta, na linapofika mahali pake linatakiwa liingie barabara, bila kupungua wala kuzidi.

Programu iliyotumika kuchora ni CATIA, iliyotengenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Dassault Systèmes. Toleo la nne lilikuwa limezoeleka kwa miaka mingi. Toleo la tano lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990, nalo halikuwa la nne lililopakwa rangi mpya, bali liliandikwa upya tangu msingi. Wafaransa na Waingereza wakahamia la tano. Wajerumani, ambao karakana yao kubwa iko Hamburg, pamoja na Wahispania, wakabaki na la nne. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Waliohama waliona kwamba toleo jipya ndilo la siku za mbele, na kwamba ndege itakayotumika miaka mingi isiundwe kwa chombo kinachozeeka. Waliobaki walikuwa na mafundi wanaolijua toleo la nne kama mkulima anavyolijua shamba lake, na kazi ilikuwa ikienda.

Michoro ilipopelekwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili ilibidi igeuzwe, na katika kugeuzwa mambo mengine yalipotea. Ubaya ulizidi kwa kuwa ili kupunguza uzito wa ndege, nyaya nyingi zilikuwa za alumini badala ya shaba. Waya wa alumini una kanuni zake za unene, na haukubali kukunjwa kona kali kama wa shaba. Kanuni hizo za kukunja zilikuwa katika programu, nazo hazikuhama sawasawa kutoka toleo moja hadi jingine. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilionekana kukaa mahali pake. Vipande vya ndege vilipofika Toulouse na mafundi wakaanza kuunganisha, nyaya hazikufika. Mahali pengine tita lilikuwa fupi, pengine lilikosa nafasi ya kupita.

Sentimita chache za waya si kitu kikubwa kwa fundi wa umeme wa nyumba. Ataunganisha kipande na kazi itaendelea. Katika ndege haifai kufanya hivyo. Tita likibadilika, mchoro wake hubadilika, na wa jirani yake pia, na ukaguzi wote huanza upya. Mafundi wa Kijerumani walipelekwa Toulouse kwa wingi, wakahangaika na nyaya za ndege za mwanzo kwa mikono, moja baada ya nyingine.

Uchelewaji ulitangazwa mwaka 2005, ukatangazwa tena mwezi Juni 2006, ukatangazwa mara ya tatu mwezi Oktoba mwaka huo huo. Siku moja baada ya tangazo la Juni, hisa za kampuni mama zilianguka kwa asilimia 26. Wakuu wawili wa juu walijiuzulu mwezi uliofuata. Mkuu mpya aliyeletwa kunyoosha mambo naye alikaa miezi mitatu tu. Upungufu wa faida uliokisiwa kutokana na uchelewaji ulikuwa Euro bilioni 4.8 kufikia mwaka 2010. Wateja waliotaka ndege za kubebea mizigo wakafuta maagizo yao. Mwezi Februari 2007 ulitangazwa mpango wa kupunguza kazi 10,000, na wengi wa waliohusika hawakuwahi kuulizwa lolote juu ya toleo la nne wala la tano. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa shirika la Singapore tarehe 15 Oktoba 2007, ikiwa imechelewa takriban miaka miwili.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapokisimulia kisa hiki. Husema: kumbe Wajerumani walikawia, wangehama mapema yasingetokea. Wengine husema kinyume: kumbe Wafaransa walikuwa na haraka ya vitu vipya. Hukumu zote mbili haziingii katika kiini. Kama wote wangebaki na toleo la nne, ndege ingeundwa. Kama wote wangehamia la tano kwa pamoja na kwa mafunzo, ndege ingeundwa pia. Kosa lilikuwa katika kuacha uamuzi wa umoja ufanywe na kila karakana peke yake, na katika kukosekana mtu mwenye mamlaka aliyeuliza, kabla waya wa kwanza haujakatwa, kama mchoro wa Hamburg ukifunguliwa Toulouse utakuwa ni mchoro ule ule. Jaribio la namna hiyo lingegharimu siku chache na tita moja la nyaya.

Ukirudi katika ushirika, idara ya ujenzi ya Chama Kikuu haiundi ndege. Huchora maghala, mitambo ya kati ya kumenya kahawa, mifereji ya umwagiliaji, na pengine ukarabati wa kiwanda cha kuchambua pamba. Lakini mchoro wa ghala husafiri vile vile. Hutoka kwa mpima ardhi, huja kwa mhandisi wa Chama Kikuu, huenda kwa Mhandisi wa Halmashauri kwa ajili ya kibali, huenda benki pamoja na maombi ya mkopo, kisha huenda kwa mkandarasi. Katika watu hao watano, inatosha mmoja awe na toleo lisilolingana na la wenzake, kazi isimame wakati mvua za masika zinakaribia.

Kwa hiyo katibu anapoletewa ombi la kuhamia toleo jipya, swali lake la kwanza lisiwe "Lina nini jipya?" Muuzaji ana majibu mengi ya swali hilo na yote ni matamu. Na aulize ni nani anayebadilishana michoro na idara, na kila mmoja wao anatumia toleo gani. Jibu likikosekana, ombi halijaiva. Kulipata kwenyewe hakuhitaji mtaalamu. Ni kazi ya simu nne au tano.

Mara nyingi jibu litaonyesha kwamba haraka haipo. Mfano mwema ni AutoCAD, programu ya kuchorea iliyoenea kuliko nyingine, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Toleo jipya hutoka karibu kila mwaka, lakini muundo wa faili zake haubadiliki kila mwaka. Toleo la 2013 lilikuja na muundo mpya, uliotumika mpaka la 2017. La 2018 likaja na mwingine, na matoleo kadhaa yaliyofuata yakaendelea na huo huo. Mwenye toleo la 2018, basi, aliweza kwa miaka mingi kupokea michoro ya wenye matoleo ya baadaye. Aidha, mwenye toleo jipya anaweza kuhifadhi nakala ya mchoro wake katika muundo wa zamani akiombwa. Ni hisani ndogo ambayo mkandarasi hawezi kuikataa, hasa kabla hajalipwa.

Wahandisi wa maji wana mfano mwingine. Programu ya EPANET, ya kukokotoa mwendo wa maji katika mabomba, hutolewa bure na idara ya mazingira ya serikali ya Marekani. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2000, na mpaka lilipotolewa lile la 2.2 mwaka 2020, kazi nyingi za mabomba zilikuwa zimekwisha kukokotolewa kwa lile lile la zamani. Maji hayakukataa kupita.

Ziko sababu za kweli za kuhama, hata hivyo, na si haki kuzificha. Kompyuta ikifa na mpya ikawa haikubali programu ya zamani, hapo hakuna hiari. Kadhalika msaada wa kawaida wa mfumo wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayoachwa bila marekebisho ya usalama huku imeunganishwa na intaneti ni sawa na ghala lisilo na kufuli. Ikiwa Halmashauri au mfadhili amekwisha weka sharti la muundo fulani wa michoro, hapo pia mjadala umekwisha. Na ikiwa mhandisi anaweza kuonyesha kwa saa na siku kwamba kazi aliyoifanya wiki mbili ataifanya kwa siku tatu, basi apewe nafasi aonyeshe. Aonyeshe kwa kazi ya chama, si kwa kitabu cha matangazo.

Juu ya bei yako mabadiliko ambayo makatibu wa zamani huenda hawakuyasikia. Zamani programu ilinunuliwa mara moja, ikawa mali, na asiyetaka toleo jipya alikaa na la kwake hata miaka kumi. Watengenezaji wakubwa wameiacha njia hiyo. Autodesk, wenye AutoCAD, walikoma kuuza leseni mpya za kudumu za programu hiyo mwisho wa Januari 2016, na tangu hapo mnunuzi mpya hukodi kwa mwezi au kwa mwaka. Kukodi kuna nafuu yake, maana fedha ya kuanzia ni ndogo na matoleo mapya huja ndani ya kodi. Lakini katika makisio lazima kuandikwe wazi kwamba hiyo ni gharama ya kila mwaka, wala si ununuzi wa mali. Chama kilichokosa mapato kwa msimu mmoja mbaya kitakuta michoro yake imo kabatini na ufunguo uko kwa mtu mwingine. Chama chenye leseni ya kudumu ya siku zile kifikiri mara mbili kabla ya kuibadilisha kwa ya kukodi. Kilichotoka mkononi hivyo hakirudi.

Pana watakaonong'ona kwamba nakala ya bure hupatikana mjini kwa kijana fulani. Nakala hiyo ni ya wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu programu za kompyuta kama inavyohusu vitabu, na mkaguzi wa hesabu akiuliza stakabadhi hapatakuwa na la kumjibu. Afadhali chama kisichokuwa na fedha kitumie programu za bure zilizo halali, kama QGIS kwa ramani za mashamba na LibreCAD kwa michoro ya kawaida. Kazi nyingi za Vyama vya Msingi hazihitaji zaidi ya hizo, ingawa baadhi ya wahandisi huona haya kukiri.

Gharama inayosahauliwa kuliko zote ni ya mtu. Toleo jipya likinunuliwa bila fungu la mafunzo, mchoraji hodari huwa mwanafunzi tena kwa miezi miwili au mitatu, na katika miezi hiyo atachora polepole na atakosea. Hilo si kosa lake. Bodi inayoidhinisha programu na kufuta mafunzo ili kubana matumizi imelipa fedha ili kazi iharibike.

Wakati nao una mambo yake. Hakuna katibu atakayekubali kubadilisha mizani katikati ya msimu wa ununuzi, wakulima wakiwa kwenye foleni na nusu ya mazao yamekwisha pimwa kwa mizani ya kwanza. Mchoro una msimu wake vile vile. Kazi iliyoanza kwa toleo moja na imalizwe kwa toleo hilo hilo, na kuhama kufanywe kati ya kazi na kazi, watu wote wa idara kwa siku moja. Ikiwa Chama Kikuu na mwanachama wake mmoja wanachora mradi mmoja, wahame pamoja au wakae pamoja.

Kabla ya kulipa, litafutwe ghala lililokwisha jengwa na ambalo hesabu zake zinajulikana: nondo ngapi, saruji mifuko mingapi. Mchoro wake ufunguliwe katika toleo jipya na kupimwa, kipimo kwa kipimo, na hesabu zirudiwe. Zikitofautiana, sababu ijulikane kwanza. Mhandisi mzuri hatachukizwa na jaribio hilo; huenda akawa amekwisha lifanya.

Wala asije mtu akadhani kwamba toleo jipya litafikiri badala ya mhandisi. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba karibu na Stavanger, Norwei, kitako cha zege cha mtambo wa gesi uitwao Sleipner A kilipasuka kikiwa kinajaribiwa majini, kikazama, na hasara yake ikakadiriwa kuwa dola milioni 700 hivi. Programu ya kukokotoa ilikuwa ya kuaminika. Waliokokotoa walikuwa wameligawanya umbo la kuta katika vipande vikubwa mno, na nguvu za kukata ukuta zikatokea pungufu kwa asilimia 47. Hesabu ya mkono, hata ya kukadiria tu, ingewatia shaka mapema.

Jambo la mwisho ni kompyuta ya zamani. Desturi ni kuiuza kwa mnada au kumpa mtoto wa mfanyakazi mara mpya inapofika. Isifanywe hivyo. Ikiwa bado inawaka, itenganishwe na intaneti, ifunikwe vumbi lisiingie, na iwekwe pamoja na programu yake na namba za leseni zilizoandikwa katika daftari la mali. Michoro muhimu itolewe pia kwenye karatasi, itiwe sahihi na tarehe, na nakala moja ikae kwa Chama cha Msingi chenye jengo. Paa la ghala likivuja baada ya miaka ishirini, fundi atakayepanda juu atahitaji kujua mabati yalilazwa juu ya mbao za kipimo gani.